Mama Ndani ya Folda ya Ihumwa

Mama yangu alipigwa picha mara moja tu maishani. Nakala iliyokuwa ukutani kwa baba, kijijini Ihumwa, ililiwa na mchwa miaka michache baada ya mama kufariki. Ikabaki negativu, ile filamu ya kusafishia picha, nayo ilikuwa kwenye studio ya picha mjini Dodoma nilikokuwa nimeajiriwa. Kwa hiyo ninaposema niliipoteza mimi, elewa ninasema nini.

Ilikuwa miaka ile biashara huria iliposhika kasi na kompyuta zikaanza kuingia mjini. Mwenye studio alinunua moja iliyokwisha kutumika, pamoja na skana ya kuingizia picha ndani yake, akanikabidhi. Nikavimba kichwa. Miezi mingi nilikaa naskani negativu, na picha zote nikazitia katika folda moja niliyoiita Ghala. Lakini wateja wetu hawakuwa watu wa kukumbuka tarehe. Mtu alikuja akasema, "Ile ya kipaimara, sisi wa Zuzu." Basi nikatengeneza folda za vijiji, na ndani ya kila moja nikaweka vialama vyenye mshale mdogo, ukibofya kimoja kinakupeleka kwenye picha yake kule Ghala. Mama nilimweka Ihumwa. Nilibofya, akatokea, na kitenge chake, amenuna kidogo kwa ajili ya jua. Nililia, sikuona haya.

Bosi alitaka nafasi ya mashine ya fotokopi. Mimi ndiye niliyemwambia negativu hazina kazi tena. Mimi ndiye niliyezichoma uani, boksi baada ya boksi, napiga mluzi.

Kisha kompyuta ikaanza kukwamakwama. Fundi akasema itabidi afute kila kitu aanze upya, akaniuliza kama nimehifadhi kazi zangu. Nilikuwa nimenakili folda za vijiji, zote, na zimeenea kwenye flopi moja, kidiski chembamba cha plastiki. Flopi moja! Mjinga mimi nikaona ni maajabu ya teknolojia. Nikamwambia afute.

Aliporudisha mashine nilifungua Ihumwa. Kialama kilikuwepo, na jina lake chini: Mama. Nikabofya. Ikatokea kurunzi ndogo ikimulika huku na huku, ikitafuta, ikitafuta, halafu ikasema haikuona. Nilikuwa nimehifadhi mishale tu; picha zenyewe zilikuwa Ghala, na Ghala sikuinakili. Tangu siku ile sijawahi kujipenda.

Baba sikumwambia. Alikuja mwenyewe, na fremu aliyochongewa na seremala, ameifunga kwenye khanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako yuko salama humo?"

"Yuko salama. Ila printa imeharibika."

"Basi nionyeshe tu."

Macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Ningeweza kusema kweli. Badala yake nilifungua ile folda, nikamwelekeza kidole kwenye kialama. Akavua kofia. Akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mbona mmemfanya mdogo hivi?" aliuliza.

Nikamwambia akija tena nitakuwa nimemkuza. Akaniachia fremu, akavaa kofia yake, akaenda kutafuta usafiri wa Ihumwa. Hakuja tena, tulimzika kabla ya mvua. Fremu ninayo mpaka leo, na kioo chake nakifuta vumbi kila Jumamosi.