Koni Mbili za Bi Mishi

Mwaka 1993 magazeti ya watu binafsi yalikuwa yamefurika Dodoma, na aliyeyafaidi kuliko wanasiasa wote ni Bi Mishi, muuza karanga wa Majengo. Karatasi za kufungia karanga hazikumsumbua tena. Koni zake zote zilikuwa sawa kabisa. Ukimwomba akuzidishie, anakutazama mpaka unaona aibu mwenyewe.

Binti yake, Mwanamvua, alifundisha fizikia shuleni kwetu. Mimi nilifundisha Kiswahili, na ndimi niliyembandika jina la Bi Shimo, maana hakuwa na habari nyingine ila mashimo meusi ya angani, ambayo hata mwanga ukiingia hautoki. Hasa yale ambayo hesabu zinasema yanaweza kwenda huku yakizidisha mwendo. Mwaka uliotangulia aliomba nafasi ya kusomea shahada ya pili, wakamkatalia. Safari hii ikimponyoka, umri unaokubaliwa ungekuwa umempita. Aliponiambia hivyo alilia, nami nikajuta utani wangu.

Usaili ulifanyika mjini, asubuhi, mbele ya profesa na wenzake waliotumwa na chuo kikuu. Nilimsindikiza, nikabaki dirishani nikisikiliza, na simwombi mtu radhi.

"Shimo jeusi halishikiki," profesa alisema. "Utalivuta kwa kitu gani?"

"Kwa uzi, Profesa. Uzi mwembamba mno, uliokazwa sana, umeshikamana na shimo. Anga inayouzunguka imepungukiwa kipande, kama duara la karatasi ulilolikata kipande, kisha ukaziunganisha kingo, likawa koni." Akatoa koni mbili alizofungiwa na mama yake, akaweka karanga moja katikati. "Karanga ndiyo shimo. Koni hii mbele, hii nyuma. Palipopungua zaidi ndipo uzi unapovuta zaidi."

Profesa akazikagua. "Mbona zote sawa? Basi shimo lako halitembei."

Jamani, Bi Mishi na usawa wake!

Mwanamvua akacheka. "Kweli, Profesa. Zikiwa sawa, shimo linatulia. Mama yangu hapunji mtu." Akaikunjua koni ya mbele, akachana kipande kingine, akaifunga upya ikawa nyembamba zaidi. "Sasa linakwenda. Na haliachi kuongeza mwendo."

Profesa akainuka, akaiomba koni ile, akaizungusha vidoleni. Wenzake wakaanza kubishana wao kwa wao, wamemsahau kabisa msailiwa. Nilijizuia nisipige vigelegele pale pale dirishani.

Barua ilikuja baada ya wiki sita: amepata! Tulikwenda mbio hadi Majengo, mimi nikiwa mbele kana kwamba nafasi ni yangu. Bi Mishi akasomewa barua mara mbili. Akachukua ukurasa mzima wa gazeti, akafunga koni kubwa ambayo sijapata kuiona kwake, akaijaza mpaka karanga zikamwagika, akampa mwanawe mbele ya wateja.

"Na sisi je, Bi Mishi?" mmoja akauliza.

"Ninyi zenu sawa," akajibu, akifuta machozi kwa upindo wa khanga.