Mashavu na Kijiko cha Mke Mwenzake

Mimi ni wifi yao wote wawili, kwa hiyo msiniambie nina upande. Muhsin ni mdogo wangu wa tumbo moja, na nyumba yangu iko katikati ya nyumba zake mbili hapa Misima. Kinachopikwa huku na kinachosemwa kule vyote vinapita uani kwangu kwanza. Mashavu, mke mkubwa, nimeishi naye tangu alipokuja na sanduku lake la bati. Nampenda. Lakini yule mwanamke ana wivu, jamani! Ukipakua mboga anaangalia bakuli la mwenzake kabla ya lake.

Ila kwa habari ya trekta namtetea, na nitamtetea mbele ya yeyote. Lile trekta ni michungwa yake. Baba yake alimwachia shamba, akakubali liuzwe, likaja trekta la mtumba, rangi imebabuka, pamoja na tela la magurudumu manne linaloinuka lenyewe kumwaga mzigo. Muhsin alipovunjika mguu, nani alikaa kwenye usukani? Watu walisema mwanamke hawezi dude lile. Mashavu akafunga kanga kiunoni, akapanda. Tangu hapo mahindi ya Misima anayabeba yeye. Anarudi nyuma na tela mpaka mlangoni mwa ghala bila kugusa nguzo, na wanaume waliosema hawezi wanajifanya wanaangalia ng'ombe.

"Nikiwa pale juu, wifi," aliniambia siku moja, "hata Muhsin akitaka kusema na mimi lazima anyanyue shingo."

Basi Muhsin akasikia kuna kijiko kinauzwa Mashewa, kule Korogwe. Kijiko cha kufunga mbele ya trekta, cha kuchotea na kupakia. Aliyekuwa nacho alikuwa fundi kwenye mashamba ya mkonge, amefariki, amemwachia bintiye. Muhsin akaenda kukiangalia. Akaenda tena kukipima. Mara ya tatu akaenda na shati jipya, nikasema mimi hapa, kijiko gani hiki kinachopimwa kwa shati jipya? Akarudi na kijiko na mwenye kijiko.

Ndiye Shamsia. Mpole, sauti ya chini, anakuamkia shikamoo hata ukiwa umempa mgongo. Mashavu hakulia wala hakuvunja sahani. Alikuwa anakoroga ugali, akasema bila kugeuka, "Ndoa nimeshindwa kuizuia. Lakini kile kijiko kitarudi Mashewa, wifi, utaniambia. Na kikirudi, mwenyewe atakifuata. Hapa atabaki kufanya nini?"

Mwiko ulikuwa unazunguka taratibu kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Sasa sikilizeni kidogo habari za lile trekta. Lina pampu moja tu ya oili. Ndiyo inayosukuma jeki ya tela kule nyuma mpaka tela linainuka, na miaka yote ilikuwa na kazi hiyo moja. Kijiko kilipokuja nacho kikataka kusukumwa na oili hiyo hiyo. Muhsin akamwita Yordani, fundi wa Korogwe mjini, mtu wa maneno machache na koti lisilofuliwa. Akafunga kigawanyio karibu na kiti: ukisukuma mkono mbele, oili inakwenda kwenye kijiko, ukiuvuta nyuma, inakwenda kwenye tela. Alipomaliza akatuita wanawake wote watatu.

"Mama zangu," akasema, "oili ni ya trekta, nyinyi mnaazima. Kabla hujachomoa mpira wa tela, lilaze kwanza, oili yote irudi nyumbani kwake. Ukichomoa likiwa limesimama, umebaki na oili ya mwenzako."

Shamsia akasema ahsante. Mashavu akauliza, "Inabaki nyingi?"

"Nyingi, mama. Jeki ile ni ndefu."

Mashavu akatikisa kichwa, kama mtu anayesikiliza hotuba msibani.

Kwa Muhsin trekta lilifuata zamu. Akilala kwa mkubwa, trekta linalala kwa mkubwa. Zamu ikihamia kwa mdogo, asubuhi analichukua, analipeleka uani kwa mdogo, na tela linabaki kwa Mashavu. Yeye aliona ndiyo haki yenyewe. Zamu ya Mashavu ni mahindi na mihogo. Zamu ya Shamsia ni samadi: alikuwa anainunua kwenye maboma ya Wamasai, anairundika kando ya nyumba yake, na watu wa Bungu wanaolima kabichi kule milimani wanaleta magari yao kupakia. Kijiko kinachota, kinainuka, kinamwagia garini.

Ila Shamsia hajui kuendesha. Kwa hiyo zamu yake Muhsin ndiye anayekaa kwenye kiti, mchana kutwa, na Shamsia yuko chini na jagi la maji ya limau. Muhsin anazima injini, anakunywa, wanazungumza. Wanacheka. Zamu ya Mashavu anayeendesha ni Mashavu, na Muhsin anakwenda kucheza bao sokoni.

"Kwangu hajawahi kushinda hata akiwa na homa!" Mashavu alikuwa anasimama nyuma ya mgomba wangu, anachungulia. "Wanacheka nini? Wifi, pale pana mavi ya ng'ombe na wao wawili. Kinachochekesha nini?"

"Rudi kwako, Mashavu."

"Kile kijiko ndicho kinachomkalisha pale. Kisingekuwepo kijiko angekaa pale kufanya nini?"

Nikamwambia wivu utamkausha maziwa. Akanijibu kwa Kizigua neno ambalo siwezi kulirudia hapa.

Mvua za vuli zikaanza. Zamu ikahama, Muhsin akaja asubuhi kuchukua trekta, akakuta tela limeshachomolewa na limesimama, pua juu, kama jogoo anayetaka kuwika. Mashavu akasema ameliacha hivyo maji ya mvua yasituame ndani, bati linaoza. Muhsin akaona mke wake anajali mali. Akamsifu hata. Mimi nami nilisikia nikaona ni akili, maana tela la jirani lilioza hivyo hivyo.

Siku ile gari la Bungu lilikuja mapema. Kijiko kikachota, kikaanza kupanda, kikafika usawa wa ubavu wa gari, kikagoma. Kinatetemeka. Pampu inalia kama nguruwe aliyebanwa na mlango. Muhsin akapiga resi, haikusaidia. Wale watu wa Bungu wakapakia kwa sepetu mpaka mchana, wakaondoka wamenuna. Zamu ile nzima ikawa hivyo, na zamu nyingine vivyo hivyo. Ajabu ni kwamba trekta likirudi kwa Mashavu, likaunganishwa na tela, kila kitu kinakwenda sawasawa.

Mashavu akaanza kuimba akiosha vyombo. Kisimani akawaambia wanawake kile chuma kina nuksi, ni cha maiti kile. Kwa Muhsin, akimwita kwa jina la mtoto wao, akasema kwa huruma kabisa, "Baba Rehani, usijisumbue. Kitu kimezeeka. Warudishie watu wa Mashewa chuma chao."

Na Muhsin, mdogo wangu, bongo nyepesi, akaanza kukubali. Alikuja kwangu akaniambia akipata gari la kukibeba atakirudisha kwa wajomba zake Shamsia wakiuze chuma chakavu. Shamsia alisikia. Sikumwona akilia, ila nilimwona anafuta kile kijiko kwa kitambaa, anafuta mpaka kwenye kona, kama anamwogesha mtoto. Nikasema, huyu hana kitu kingine cha baba yake. Nikamwonea huruma kidogo, sitaki kusema uongo.

Kabla ya kupata gari, Muhsin akampigia Yordani simu. Yordani akamuuliza jambo moja: "Umepima oili?" Hakuwa amepima. Akachomoa kijiti cha kupimia, kikavu. Oili imekwenda wapi? Akachungulia chini ya trekta, hakuna hata tone. Akaona labda limeila, mashine za zamani zina tabia. Akanunua oili, akajaza mpaka alama ya juu. Kijiko kikapanda juu kama mpya, na gari la Bungu likajaa mpaka samadi ikamwagika njiani.

Nikamsikia Shamsia anacheka. Nikamsikia Muhsin anacheka. Nikageuka kwenye mgomba wangu. Mashavu yupo, ameng'ata pindo la kanga.

Zamu ikarudi kwake. Asubuhi hiyo watu walikuwa wengi uani, maana yalikuwa mahindi ya kina Rosa na Habakuki, majirani zetu, na wote walikuja na magunia yao. Muhsin akaleta trekta. Shamsia naye akaja kwa miguu nyuma yake, amebeba jagi lake la limau kuwapa watu. Jagi lile! Mashavu alipoliona tu uso ukabadilika. Akamnyang'anya Muhsin funguo, akapanda, akarudi nyuma kwenye tela, akashuka kuchomeka mpira, akapanda tena, yote kwa hasira, haangalii mtu. Akavuta mkono wa kigawanyio. Tela likaanza kulala.

Sasa fikirini wenyewe. Trekta limejazwa mpaka juu, na oili yote iliyokuwa imelala kwenye jeki ya tela inarudi nyumbani. Iingie wapi?

Ilitokea nyuma ya kiti. Kifuniko kikaruka, oili ikapanda kama chemchemi, ikampiga Mashavu mgongoni, kichwani, ikamtiririkia kwenye dera lake la Idi. Akapiga kelele. Watu wakakimbia na magunia yao. Akabaki amekaa pale juu, amening'iniza mikono, anang'aa kama andazi lililotoka kwenye karai.

Muhsin alimwangalia. Akaliangalia tela lililolala. Mtu wa polepole yule, lakini hata yeye alifika.

"Kumbe oili yangu ulikuwa nayo wewe," akasema.

Habakuki akacheka, Rosa akamfinya. Mashavu hakushuka. Alijifuta macho kwa kiganja, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Ndiyo. Nilikuwa nayo mimi. Nilitaka kishindwe. Kirudi kwao, na huyu arudi nacho, na wewe urudi kwangu. Umeshanielewa? Au niseme tena?"

Muhsin akanyoosha mkono, akachukua funguo. "Shuka. Hutapanda tena trekta langu." Langu! Nikataka kumtia kofi. Akageuka, akampa Shamsia zile funguo mbele ya watu wote, na hapo ndipo nilipouona uso wa Mashavu, nikatamani nisingeuona. Kile kiti ndicho pekee alichokuwa nacho.

Shamsia aliziangalia funguo kiganjani. Akasogea mpaka kwenye gurudumu, akanyanyua shingo.

"Dada, mimi siwezi kuendesha," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Na baba Rehani, nisamehe, wewe unaendesha vibaya. Juzi umegonga choo. Dada ndiye anayeweza. Shika, dada. Endesha siku zote. Zamu yako na zamu yangu."

Akampa funguo, na kikombe cha maji ya limau juu yake.

Watu wakasema huyo ndiye mwanamke. Muhsin akaona aibu, akakubali. Na Mashavu, mwenye oili mpaka kwenye nyusi, akacheka meno yote. Jioni alikuja kwangu ananuka sabuni na mashine, akasema, "Umeona, wifi? Mbele langu, nyuma langu. Muhsin hatapanda pale tena kuchekeana na mtu. Kajipiga mwenyewe yule mtoto!"

Nilikuwa namkumbuka Shamsia alipokuwa anarudi kwake na jagi tupu. Alipita mlangoni kwangu, akanisalimia, na alikuwa anatabasamu chini ya mtandio.

Zamu ya Shamsia ilipofika, Mashavu aliingia uani mwake na trekta kabla jua halijakolea, amevaa kanga mpya, shingo juu. Akasukuma mkono mbele, akachota samadi, akainua. Anajua kazi, lazima niseme. Watu wa Bungu wakapiga makofi. Halafu akageuza trekta kwenda kuchota tena, akaona baraza.

Muhsin amekaa pale kwenye mkeka. Hana kazi. Hana haja hata ya kwenda bao, mchana wote ni wake, na zamu si ni ya Shamsia? Jagi lipo. Mihogo ya kukaanga ipo. Shamsia amekaa karibu, goti kwa goti, anasema jambo polepole, na Muhsin anacheka mpaka anajishika mbavu.

Mashavu akabaki na kijiko kitupu hewani.

Hivyo ndivyo tunavyoishi mpaka leo. Ukiamka hapa Misima ukasikia trekta linanguruma kupita kiasi, usidhani lina mzigo. Yordani alikuja majuzi, akasikiliza, akaniuliza mbona yule mama anapiga resi hivyo wakati kijiko kiko chini na hakina kitu, anaiumiza injini bure. Nikamwambia akae, nimpe chai. Injini ile ikipandishwa namna hiyo, waliokaa barazani hawasikilizani.