Mtani wa Bibi Alipolia

Bibi yangu alikuwa mtu wa Pangani, na hata alipohamia Hyattsville, Marekani, alibaki mtu wa Pangani tu, ila sasa alivaa koti. Mama alimleta baada ya goti lake kuharibika kabisa. Alimpa chumba cha mbele kwenye fleti yetu, akamwambia sasa apumzike. Bibi alimwitikia vizuri, na kesho yake akashuka chini, akakaa kwenye kituo cha basi kilicho mbele ya jengo letu, akaanza kusalimia watu.

Basi lenyewe hakuwahi kulipanda. Kwake yeye kile kibanda kilikuwa baraza. Kina benchi, kina paa, watu wanakuja na kukaa, sasa baraza ni nini kama si hilo? Dereva akisimama na kufungua mlango, Bibi alimwuliza habari za nyumbani, watoto wameamkaje, mama mkwe bado anakohoa. Yote kwa Kiswahili, bila haraka. Madereva wengine walikasirika. Mmoja alianza kumjibu kwa Kihispania, kwa urefu uleule, huku abiria wakitazama saa zao. Mimi nikitoka kazini na kumkuta katika mazungumzo hayo, nilizunguka nikaingilia mlango wa nyuma.

Siku moja nilimpeleka Silver Spring, kwenye duka la vyakula vya kwetu. Mbele yetu alisimama mwanamume wa makamo mwenye kipara, amebeba mfuko wa unga wa sembe, anaongea na simu. Bibi alimsikiliza mpaka amalize, kisha akamwuliza ni mtu wa wapi. Akasema Tabora. Mnyamwezi? Mnyamwezi. Bibi akauchukua ule mfuko mikononi mwake, akatoka nao dukani bila kugeuka nyuma.

Inabidi nieleze, maana hata pale dukani ilibidi nieleze. Bibi alikuwa Mzigua, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako anaweza kukuchukulia kitu chako mchana kweupe. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Na ukifa, ndiye anayekuja kufanya fujo msibani. Ataigiza ulivyokuwa ukitembea, atavaa nguo zako, atalala kaburini kwako na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu. Niliyasema hayo yote nikiwa nimekumbatia nyanya, nikimwambia mwenye duka, mama wa Kikongo aliyekuwa ameshashika simu awaite polisi. Alinisikiliza kwa subira. "Mais mama," akasema, akianza na Kifaransa, "ule unga bado haijalipwa."

Hivyo ndivyo tulivyompata Mnyamwezi wetu. Alifanya kazi Sterling, kwenye yale majengo makubwa yasiyo na madirisha yaliyojaa kompyuta, na kwa kweli alikuwa mpole kupita kiasi. Tena alikulia Dar es Salaam, utani wa misibani aliusikia kwa watu tu. Bibi akaamua kumfundisha. Kila Jumapili mtu mzima huyo aliendesha gari kutoka Virginia kuja Maryland ili atukanwe. Bibi alimwambia kipara chake kinamuumiza macho, asogee kivulini. Yeye alijikaza akamwambia Bibi ni mzee sana. Bibi alitikisa kichwa. "Rudia," alisema. "Hiyo haikuuma."

Baridi iliyofuata Bibi aliugua, na hospitalini aliniita karibu na kitanda. Nilidhani ataniachia wosia wa nyumba ya Pangani. Hapana. Alisema akifa, Mnyamwezi aje afanye kazi yake.

"Msinizike kimya kimya kama watu wa benki wako mkutanoni," alisema. "Mimi nimeishi na watu. Nataka wanicheke."

Nilimwahidi. Nilikuwa nalia, akaniambia nijifute, ninamtia aibu mbele ya nesi.

Alipokufa alizikwa siku ya pili yake, kwa haraka na kwa utaratibu, kwenye makaburi yenye nyasi zilizokatwa vizuri mno. Kilikuwa kimya kilekile alichokiogopa. Mnyamwezi alikuwa zamu, hakuruhusiwa kutoka. Basi tumaini langu lote likabaki kwenye hitma, ambayo tuliifanya kwenye ukumbi wa sherehe wa jengo letu, chini ya maputo ambayo watu wa jana yake walishindwa kuyafikia darini.

Mama alikuwa ananitisha. Tangu Bibi akate roho hakulia wala hakutia kitu mdomoni. Alipanga viti, alihesabu sahani, aliwaambia watu mama yake amepumzika, kwa sauti ya mtu anayetangaza kuchelewa kwa ndege. Nikamvuta Mnyamwezi pembeni, nikampa kanga ya Bibi na lile koti lake, nikamkumbusha kazi. Alikuwa ameroa jasho. Alisema amefanya mazoezi ndani ya gari, tangu Sterling.

Kisomo kilipomalizika na pilau kuanza kuandikwa, aliingia. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni na kuvaa koti lililoishia mbavuni, anachechemea kwa mguu wa kulia, wakati goti bovu la Bibi lilikuwa la kushoto. Wazee wa Tanga walielewa mara moja, wakaanza kutabasamu. Wakenya walitazamana. Binti yangu aliniuliza, "Mom, is he drunk?" Mnyamwezi alichechemea mpaka katikati ya ukumbi, akafungua mdomo ili amtukane marehemu, akalia.

Sisemi alitokwa na machozi. Alilia kwa sauti, akakaa chini kwenye zulia, amefunika uso kwa kanga, mabega yanaruka. Sote tuliganda na miiko yetu. Tangu dunia iumbwe nadhani hakuna mtani aliyefanya jambo la aibu kiasi hicho. Nilitaka kumwendea nimtie kofi. Mtu amepewa kazi moja.

Meneja wa jengo alikuja mbio kusikia zile kelele. Alikuwa Mmarekani mweusi aliyesoma Kiswahili chuo kikuu, na alikuwa haachi nafasi ya kukizungumza impite. Alipiga magoti kando ya Mnyamwezi. "Pole sana, bwana," akasema. "Je, marehemu alikuwa mama yako mzazi?"

Mnyamwezi alitikisa kichwa kukataa, kisha akajibu kama vile alikuwa akingoja mtu amwulize. "Mama yangu alikufa mwaka juzi. Sikuweza ku-travel, makaratasi yangu yalikuwa bado pending. Nilitazama mazishi kwenye simu, network ikakata kabla hawajamshusha. Halafu nikaenda zamu."

Huyu mtu alikuwa amekula Jumapili zote nyumbani kwetu, na wala hatukujua kwamba ana msiba.

Mama aliweka sahani chini. Alimwendea taratibu, nikadhani anakwenda kumfariji, maana ndivyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mama yako kafa, na wewe ukanyamaza," alisema. "Mimi ni Mzigua. Yule alikuwa maiti wangu. Umeninyima haki yangu, Mnyamwezi."

Mnyamwezi alifunua uso.

"Alikuwa mnene?" Mama akauliza.

"Mnene," akasema.

"Basi namhurumia aliyebeba jeneza. Ila nyie ni wapagazi, mmezoea. Na mbona alikufa mapema, alikuona kichwa?" Akamvua koti la Bibi, akalivaa yeye, akaanza kutembea ukumbini akitikisa makalio ya mwanamke mnene wa Tabora ambaye hakuwahi kumwona, akilalamika kwamba ana mtoto Amerika anayelinda kompyuta zisitoroke. Alikwenda mpaka kwenye sahani ya pilau iliyoandaliwa kwa ajili ya Mnyamwezi, akajipakulia nyama zote, akala. Akala kwelikweli, amesimama, mafuta yanamtiririka kidevuni. Wazee wa Tanga walikuwa wameshikana mikono kwa kicheko. Hata meneja alicheka, ingawa alionekana hana hakika kama inaruhusiwa.

Mnyamwezi naye alikuwa anacheka huku machozi hayajakauka. Akainuka, akaenda kujilaza kwa urefu wake wote mlangoni, akatangaza kwamba hatoki mtu. Alisema Bibi hakufa, amekimbia mapishi ya Mama. Kisha akamwigiza akiswali kwenye kiti, namna alivyoinama kusujudu na kupitiwa na usingizi hukohuko, na akatoa ule mkoromo wake hasa, wenye kamluzi mwishoni. Hiyo iliuma. Alikuwa ameufanyia mazoezi, na ilikuwa sauti ya Bibi kabisa, ndani ya ukumbi ule. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, na akiwa ameushika akasema, "Mama yangu kafa," akalia hatimaye, nami nikalia naye.

Maalimu aliyeongoza kisomo alisubiri mpaka tulipotulia. Aliuliza kwa upole kama anaweza kurudia dua. Mama akasema airudie, kwa wote wawili. Maalimu akamgeukia Mnyamwezi, akamwomba jina la mama yake, na sisi sote tuliokuwa tumemtukana Jumapili zote hizo tukakaa kimya tulisikie kwa mara ya kwanza.