Jytte Amsifu Mchoraji

Jytte Bundgaard husafisha maktaba ya mji wetu, huku magharibi mwa Jutland, Denmark, ambako upepo hauna likizo. Kila asubuhi, akishapiga deki, hujibana kwenye kiti cha watoto kisichomtosha na kufungua vitabu vilivyochorwa na Graça Moniz. Maneno hayamshughulishi. Yeye na picha tu: ng'ombe aliyepanda paa la kanisa kuanika soksi zake nne, bibi kizee anayeichana mvua nywele na kuisuka, nyumba iliyoota miguu ya korongo ikaenda zake kuoga baharini, wenyewe wakiikimbiza na taulo. Mwanamke wa miaka sitini na mbili huyo, anacheka peke yake hadi anashika mbavu.

Basi fikiria alivyofurahi kusikia kwamba Graça mwenyewe anakuja kuchora ukuta wa chumba cha watoto! Alikuwa Mreno anayeishi Kopenhagen, na sharti lake lilikuwa moja tu: kwanza wenyeji waione rasimu, waseme wanaionaje. Wasipoipenda, hachori.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana watu wa huku hatujui kusifu. Mtoto akiongoza darasa zima, tunamwambia hajatuaibisha.

Jumamosi walikuja maktabani watu kumi na watano. Walikunywa kahawa, wakala keki, wakaikodolea macho ile rasimu kwenye karatasi ndefu: nguruwe wanapiga makasia angani ndani ya masufuria, wanavua mawingu kwa nyavu, na kila wingu lililonaswa lina uso wa mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mnaionaje?" Graça akauliza.

Verner, mfugaji wa nguruwe, alijikuna kidevu. "Si mbaya."

"Mimi nimeshaona mbaya kuliko hii," mkewe akaongeza kwa ukarimu.

Graça akamgeukia Jytte. "Na wewe, mama?"

Jytte alikuwa na maneno mazuri tele kifuani. Lakini macho ya watu wote yalikuwa yanamtazama, na ulimi ukamsaliti. "Itafaa," akasema.

Kwetu hizo ni sifa ambazo hata askofu hajawahi kuzipata. Graça angejuaje? Alitabasamu kwa taabu, akakunja karatasi yake, akashukuru kwa kahawa, akatoka.

"Anakwenda wapi huyu?" Verner akashangaa.

"Kituo cha basi," mkutubi akajibu kwa uchungu. "Ameona hamkuipenda."

"Nani hakuipenda? Mimi nimeisifu mpaka nikaona haya!"

Jytte alikuwa ameshatoka mbio, bila koti. Alimkuta Graça kituoni, na basi limeshatokeza kwenye kona.

"We mtoto, unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama. Si mmesema wenyewe?"

"Tumesema nini?" Jytte akavuta pumzi. Maneno ya namna hii hakuwahi kumwambia mtu, na aliogopa kuliko siku ya kung'olewa jino. "Nisikilize. Dada yangu alipofariki, sikucheka miezi mitano. Siku moja nikamwona yule mbwa wako anayekifundisha kivuli chake kukaa chini. Nikacheka, nikalia, nikaenda nyumbani nikapika, nikala. Picha zako nazipenda. Nazipenda sana! Na wale nguruwe wa leo, yule wa mwisho asiye na kasia, umempa mwiko ili naye asiachwe nyuma. Nani mwingine angemkumbuka nguruwe wa mwisho?"

Graça alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Sasa mbona hukuyasema haya kule ndani?"

"Kule ndani kulikuwa na watu!"

Basi likasimama, mlango ukafunguka. "Dada, unapanda au hupandi?" dereva akauliza.

"Hapandi," Jytte akajibu. Akaichukua ile karatasi, akaipachika kwapani mwake mwenyewe, akashika njia ya maktaba, uso umemwiva kwa haya na furaha, na Graça akimkimbilia nyuma.