Kitabu cha Mjapani Kwenye Foleni ya Mashine

Ninaikumbuka siku ile, mwanangu, kwa sababu ya dizeli. Ilikuwa imekwisha Rhotia nzima, na mashine ya kusaga ilikuwa kimya tangu jana yake. Watu walikaa na mahindi yao wakisubiri lori la mafuta kutoka Arusha, maana ukiondoka unapoteza nafasi yako kwenye foleni. Miaka ile tulisubiri kila kitu: sabuni, sukari, hata kiberiti.

Mimi kusubiri sikuweza. Shule niliiacha darasa la tano kwa hamu ya kujua barabara inaishia wapi, na nilipofika inapoishia nikataka kujua ile nyingine. Nilikuwa nimechuma kahawa Oldeani, nimechimba mitaro Endamarariek, na wakati huo nilikuwa utingo wa lori lililokwama pale pale kwa kukosa mafuta. Mtembezi hula miguu yake, na mimi yangu nilikuwa nimeila hadi magotini.

Nilikuwa na kitabu. Dereva mmoja wa watalii alinipa. Mjapani mmoja, mtalii wake aliyekwenda naye kreta kule mbugani kuona faru, alikisahau kwenye kiti cha Landrova. Kilikuwa hadithi ya picha kuhusu watu wa kale wa kwao, wanaume waliofunga nywele fundo utosini na kuchomeka panga ndefu kiunoni. Maandishi yake hakuna aliyeyajua. Lakini picha ni picha. Nikapanda juu ya gunia, nikaanza kuwasomea watu.

Nilianza kama tunavyoanza sisi, kutoka kushoto. Palikuwa na mzee mwenye kovu shavuni, akipanda mpunga na watoto. Kurasa zikaenda. Akaingia mtoni mikono mitupu, akatoka na upanga. Mwishowe alikuwa akichoma nyumba za watu.

"Huyo alibatizwa, kisha akaharibika," akasema mwalimu wa dini, na alisikitika kweli.

"Hakuharibika," akajibu mama mmoja. "Ndivyo alivyokuwa. Mpunga ulikuwa geresha."

Kijana mmoja akamgeukia mbeba magunia aliyesimama ukutani. "Tluway, mbona hukutuambia kwamba ulipigwa picha Ujapani?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana msimuliaji akichekewa huvimba kichwa.

Sikumjua Tluway. Alikuwa yule mtu mrefu aliyebeba magunia pale mashineni na kula peke yake nyuma ya ukuta. Baadaye nikaambiwa kwamba zamani alimpiga mwenzake rungu kwenye kilabu cha pombe, mwenzake akafa, naye akafungwa. Sasa alikuwa ametoka, anaomba arudi kwenye shamba la baba yake. Wazee walimjibu neno moja: mpaka mama wa marehemu aseme. Maana kwa watu wa pale, mwenye damu ya jirani mikononi hachangii moto wala kibuyu na mtu, hadi nyumba iliyofiwa imtoe huko alikotengwa.

Na mama huyo alikuwepo kwenye foleni na debe lake la mahindi. Aliitwa Mama Bura, na Bura ndiye aliyekufa. Hakucheka. Wala hakusema.

Jioni nilimkuta Tluway akifunga shuka na sufuria yake kwa kamba.

"Unakwenda wapi, kaka?"

"Lori lenu likipata mafuta, nichukueni. Popote."

"Ni kitabu tu kile."

"Ndiyo. Hata kitabu cha Wajapani kinaujua mwisho wangu."

Nilimwambia, kwa elimu ya miguu yangu, kwamba popote si pabaya. Ukifika mji usiokujua, unazaliwa upya. Niliamini hivyo. Nilikuwa nimezaliwa upya mara nyingi, mwanangu, na kila mara niliondoka kabla sijajua hata kutambaa.

Asubuhi Mama Bura aliniita. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba kitabu. Alikipakata, akakipekua polepole, kidole chake kikimfuata yule mtu ukurasa kwa ukurasa.

"Mjukuu wangu, huyu hapa mwanzo ana mvi, na hapa mwisho nywele ni nyeusi. Kwao watu huzeeka kinyumenyume?"

Nikainama kutazama.

"Na kovu. Hapa analo, huku mbele hana. Mimi nina kovu la mundu tangu usichana wangu. Halijakwenda popote."

Akakigeuza, akaanza upya kutoka upande wa pili, maana kumbe vitabu vya kwao huanzia huko. Nyumba zikaungua kwanza. Kisha kovu. Kisha yule mtu akaingia mtoni na upanga wake, akatoka mikono mitupu, na ukingoni palikuwa na mwanamke anamnyooshea bakuli. Mpunga na watoto vikaja mwisho kabisa.

Kwenye lile bakuli kidole cha Mama Bura kilisimama.

"Mwanamke huyu alifiwa na nani?"

"Sijui, bibi."

"Amefiwa. Mtazame mabega." Akafunga kitabu. "Wewe una haraka. Umemfungua mtu kwa upande uliouzoea, ukawachekesha watu. Hukutaka ubaya, najua. Lakini uliwachekesha hapa, basi utawasomea hapa hapa, wale wale, kabla lori lenu halijaondoka."

Dizeli iliingia kabla ya adhuhuri. Dereva wetu akapiga honi. Tluway alikwisha panda, furushi mapajani. Miguu iliniwasha, nakwambia, lakini nilirudi juu ya lile gunia, nikakishika kitabu upande wake, nikasoma na honi ikilia.

"Kumbe ubatizo ulikuwa katikati," akasema mwalimu wa dini.

"Mimi bado simwamini," akasema yule mama wa geresha. "Mpunga wa msimu mmoja si mpunga."

Yule kijana wa jana alitazama chini.

Mama Bura hakutoa hotuba. Mashine ilinguruma, debe lake likasagwa, akamwita kwa sauti ya kawaida: "Tluway. Unga huu ni mzito. Nipelekee."

Akashuka kwenye lori. "Mpaka mlangoni, Mama?"

"Mpaka ndani. Utakunywa maji."

Kila mtu pale alijua maana ya maji yale. Tluway akajitwika unga, akamfuata, na furushi lake likabaki kwenye lori. Nililishusha mwenyewe, nikamwachia mwalimu wa dini, tukaondoka. Kitabu nilikuwa nimemrudishia Mama Bura nilipomaliza kusoma. Sikukiomba.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Yananuka, mwanangu, kwa aliyeyakanyaga. Mama Bura alimkaribisha mtu yule huku akiyanusa, na ndiyo maana sijamsahau.

Basi nakuusia. Kabla hujatangaza mwisho wa mtu, tazama mvi zake na kovu lake, ujiulize umemfungua upande gani. Ukimchekea mtu mbele ya watu, rudi umtengenezee mbele ya watu wale wale, si pembeni. Na wewe mwenye miguu inayowasha kama yangu, sikuzuii kutembea. Lakini mji usiokujua utakupa kitanda tu. Hauwezi kukusamehe, maana haujui kosa lako. Hakuna aliyewahi kujizalisha mwenyewe.

Mungu akupe njia ya kwendea na mlango wa kurudia. Na siku utakapotoka mtoni mikono mitupu, umkute mtu ukingoni na bakuli lake.