Kula Peke Yangu Ufipa

Nilipotoka chuoni Uganda, kabla sijaajiriwa, nilizunguka Ufipa kiangazi kizima nikipiga gitaa kwenye harusi. Mwenzangu alikuwa mpiga ngoma niliyekua naye mtaa wa Kizwite, Sumbawanga. Yeye ni Mfipa. Baba yangu alikuwa karani wa boma aliyehamishiwa huko, na Kifipa changu kiliishia kwenye salamu. Kwa hiyo kila tulipofika, yeye ndiye aliyetangulia kuzungumza na wenyeji.

Tukimaliza kupiga, wanaume walizunguka mtungi wa pombe ya ulezi, kibuyu kimoja kikapita mkono kwa mkono, na mwenzangu yumo. Mimi nilipelekwa kwenye chumba kilichofagiliwa: meza, kiti, kuku mzima. Aliyeleta chakula alipiga magoti, akapiga makofi ya heshima, akaondoka. Nilikula nikisikiliza vicheko vya nje. Nilidhani ndiyo desturi ya huku kwa mpiga gitaa. Mimi niliyembishia padre habari za toharani, niliyemuuliza mwalimu Mwingereza ni nani aliyewapa nchi hii, hilo sikumuuliza mtu. Wiki zilipita sijazungumza na mwenyeji yeyote zaidi ya salamu.

Tulipofika kijiji cha Mtowisa, kwenye joto la bonde, mama mwenye nyumba aliniletea chakula mwenyewe.

"Kuku wa leo mgumu, mwanangu. Utusamehe."

"Mama, kwa nini nisile na wenzangu huko nje?"

Akanitazama. "Si wewe usiyetaka? Mwenzako alituambia mlipofika tu: huyu msomi, kibuyu kilichopita midomo ya watu hakigusi. Tukasema basi, tutafanyaje. Hata huyo kuku tumeazima kwa jirani."

Nilimkuta mwenzangu uani akianika ngoma juani ngozi ikaze. Hakukana.

"Ungekaa nao ungeanza: mahari ya nini, kodi ya nini, nani kasema. Nani angetuita tena?"

"Ndiyo ukanifungia ndani?"

"Nilikulisha kuku, ndugu yangu. Mimi nilikula maharage."

Nikamwambia aseme kweli. Akageuza ngoma upande wa pili, akasema taratibu, "Wewe utapata ofisi yako, uondoke. Mimi nabaki na watu hawa. Nilitaka wawe wangu."

Nilimwacha na ngoma yake. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, nikakaa chini kati ya wanaume. Mazungumzo yakakatika. Mzee mmoja aliinuka kwenye kigoda, akakifuta kwa kiganja, akanisogezea. Nilikataa, akabaki amesimama mpaka nikakikalia. Kibuyu kilipofika kwa jirani yangu kilisimama hapo. Mtu akakimbilia ndani, akarudi na glasi, nadhani ya pekee nyumbani mle, akanimiminia kwa mikono miwili.

Nikanywa. Mwenzangu akaja, akachuchumaa upande wa pili, akapokea kibuyu. Alisema neno kwa Kifipa, wote wakacheka, na hakuna aliyenitafsiria.