Sauti ya Barke Ilivyotoka Nje ya Nyumba

Barke binti Stambuli alizaliwa Kisauni na mpaka leo yuko Kisauni. Ukimtafuta asubuhi utamkuta mbele ya jiko la mkaa anakaanga mahamri. Usimuulize habari za nyimbo, atakwambia hajui nyimbo. Mimi nimepiga tari ubavuni mwake tangu tuko wasichana, na kwa kuwa yeye hasemi, nitasema mimi.

Hakuna aliyemfunza. Alikuwa akipepeta mchele huku midomo inamwenda, na mchele ukiisha kupepetwa, wimbo nao tayari. Hakuandika hata neno moja, yote yalikaa kichwani. Sura, tuseme kweli, hakupewa ya kutazamwa. Lakini akifungua kinywa, hao wenye sura walikaa chini wakasikiliza. Mtu akitaka kuoza binti yake Kisauni, kwanza alikuja kumuuliza Barke ana nafasi lini, kisha ndipo akaenda kumuuliza bwana harusi.

Mumewe ni Idarus, mwalimu wa chuo, anayesomesha watoto Kurani. Siku ya posa Idarus alitoa sharti moja mbele ya mzee Stambuli. Barke aimbe, hamkatazi, lakini aimbe ndani, kwa wanawake wenzake. Sauti yake isisikiwe na wanaume wa nje. Barke akaridhia, na akalitunza sharti lile kuliko alivyotunza dhahabu zake. Kila harusi tuliyoitwa tulimweka mlangoni Bi Kafedha, kikongwe wa ulimi mkali, na bakora yake. Hata kijana aliyeota ndevu mbili alirudishwa. "Mamako atatoka mwenyewe, wewe kaa huko huko!"

Na zama zile ndipo redio kaseti zilipojaa majumbani. Ndugu zetu waliokwenda Arabuni walizituma, nasi tukazivika vitambaa vya kushona kama watoto wachanga. Walio mbali hawakuweza kuja harusini, basi harusi iliwafuata wao. Tulirekodi vigelegele, matani, nyimbo, mpaka kilio cha mama, kanda ikaenda na msafiri. Redio tuliiweka juu ya mto karibu na Barke, isikie vizuri. Bi Kafedha alilinda mlango dhidi ya wanaume, redio hakuihesabu kuwa mwanamume.

Mwaka wa themanini na sita, jirani yetu Ruwaida alimwoza bintiye Samiha. Usiku ule Barke alitoa wimbo mpya. Nakumbuka unavyoanza:

Nilikupa moyo wangu, ukautia kapuni,
Leo waja na uchungu, wautaka mkononi.

Wanawake walilia, wengine wakavua leso wakamtupia. Zubeda wa Mkomani, aliyeachwa mwezi ule, aliomba urudiwe mara tatu na bado hakutosheka.

Haukupita muda mrefu, Idarus akavuka kwenda kuzika Likoni. Alirudi alasiri, akakaa kitandani na kanzu yake ya kuzikia, hakuivua.

"Barke."

"Abee, Mwalimu."

"Leo nimekusikia Likoni."

"Mimi? Leo sikutoka hata mlangoni."

"Najua. Wewe ulikuwa hapa na sauti yako iko kule, pale mangweni panapouzwa tembo la mnazi. Wanaume wana vibuyu mkononi wanakuitikia."

Hakumpiga, hakumtukana. Afadhali angetukana.

Barke akaja kwangu mbio, tukaenda kwa Ruwaida. Ruwaida akaapa. "Wallahi, shoga, mimi nilimpelekea Hadi kanda ya harusi anikopie moja tu ya dada yangu Maskati! Nilingoja pale pale dukani nikaondoka na zangu mbili!" Na kweli aliondoka na zake mbili. Ya tatu Hadi alijikopia mwenyewe kimya kimya, na hiyo ndiyo iliyozaa.

Huyu Hadi alikuwa na duka la kurekodi kanda kando ya barabara ya Malindi, mtoto wa watu, babake mfanyabiashara wa kuheshimiwa. Tulipoingia, spika ilikuwa inaimba kwa sauti ya Barke. Kanda zimepangwa ukuta mzima, na juu yake picha ya msichana mwembamba hatumjui, amepaka wanja mpaka masikioni. Jina limeandikwa Malkia Shani.

"Karibuni, mama zangu," akasema. "Mwataka hii? Inakwenda mpaka Tanga."

"Zima," Barke akasema.

"Yakupigia kelele?"

"Hiyo ni sauti yangu, mwanaharamu wee. Zima!"

Akazima. Nilidhani ataona haya. Akacheka.

"Ahaa. Kumbe ndiye wewe. Shikamoo, mama. Una sauti, mashallah."

"Nani kakwambia uiuze?"

"Kanda niliyoletewa nikopi, nimekopi. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Uliambiwa ukopie mtu mmoja," nikamwambia. "Na huyo kinyago hapo juu ni nani?"

"Picha tu, nilipewa na mpigapicha. Lakini nisikilizeni, mama zangu. Nani kati yenu ameona jina la Barke hapa? Hakuna. Nimemstiri."

"Umenistiri?" Barke akasema. "Umeniweka uchi ukamvika nguo zangu mwingine, ndiyo stara hiyo?"

Hadi akachukua kanda moja na kalamu. "Basi twende kwa haki. Nikate jina la Shani, niandike Barke, mke wa Mwalimu Idarus, Kisauni. Ziende hivyo Likoni, ziende Changamwe. Niandike?"

Kalamu iko juu ya karatasi, anangoja. Barke akanishika mkono, tukatoka. Mwizi yule alijua vizuri alipomshika.

Mimi sikukubali. Nilikwenda kwa Jamaludin, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa karani kwa wakili mjini. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Khalati, huu ni wizi na sheria ipo," akasema. "Lakini Barke hana karatasi. Itabidi aje mahakamani aseme nyimbo ni zake. Kanda itapigwa mle ndani. Wakikana, huenda akaambiwa aimbe, sauti zilinganishwe."

"Aimbe mbele ya nani?"

"Mbele ya hakimu, khalati. Na mawakili, na askari, na waliokuja kusikiliza kesi zao."

Nikarudi na habari hiyo. Barke alikuwa anasuka ukili, akausuka mpaka nikamaliza kusema. Idarus alikuwepo. Alimwambia mkewe kwa upole, na upole wake ulinikata zaidi ya kelele.

"Ukisema ni zako, haki yako, mimi sikuzuii. Lakini wazazi watawatoa watoto chuoni, na mimi nitakuwa yule ambaye mkewe yuko mangweni. Ukisema si zako, jina lililoandikwa pale si lako. Hakuna neno. Tutakaa."

"Nyimbo nilizitunga mimi, Mwalimu."

"Najua. Nilikuwa nikikusikia ukipepeta mchele."

Asubuhi yake Barke alinirudishia tari aliyokuwa akiniwekea. Alisema mkono unamuuma. Mkono! Kana kwamba aliimba kwa mkono.

Watu wakazidi kumtaka Malkia Shani, na picha haiwezi kwenda harusini. Hadi akatafuta msichana, akamfunza kwa kanda zile zile, akampa jina. Akapata vinanda, akapata spika. Huyo msichana simlaumu sana, alikuwa anatafuta chakula. Sauti yake nyembamba kama uzi wa kushonea.

Miaka ya tisini iliingia, ikatukuta tumealikwa harusi ya jamaa za Idarus kule Mkomani. Barke hakuwa na njia ya kutokwenda. Tulikaa mkekani, wifi zake mbele yetu, na Shani juu ya jukwaa na kipaza sauti chake. Akaanza, Nilikupa moyo wangu. Mstari wa pili akaukosea, akasema "leo waja na matungu", na ukumbi ukapiga vigelegele. Barke aliinama akawa anatengeneza pindo la leso.

Zubeda, yule aliyeachwa, alikuwa nyuma yetu. Akamgusa bega.

"Barke, shoga, huu si wako? Si uliuimba kwa Ruwaida, nikalia mpaka nikatapika?"

Wifi wakageuka wote. Mmoja akaweka chini kikombe chake.

"Wangu wapi?" Barke akasema. "Mimi nilikuwa nikimwiga huyu."

"Aa," Zubeda akasema. "Basi uliiga vizuri, maana wewe ulikuwa hukosei."

Nikafungua mdomo. Barke akanifinya paja chini ya buibui, akanifinya kwa kucha mpaka nikaufunga. Kisha akainua mikono, akampigia Shani makofi.